Kusahihisha modeli ya akiba ya maji kwa vipimo vya setilaiti: mwongozo kwa anayeanzia Tanga

Kila masika yakikaribia, vijana wanaofanya kazi za maji hapa Tanga na wanafunzi walioko kwenye tafiti huniletea maswali yaleyale. "Nimepakua data ya setilaiti za GRACE, mbona bwawa la Mabayani halionekani?" "Modeli inasema akiba imeshuka, setilaiti inasema imepanda, nimwamini nani?" "Hizi namba hasi zina maana gani, kwani maji yanaweza kuwa chini ya sifuri?" Nimeyajibu kwa simu na kwa ujumbe mara nyingi. Sasa nayaandika kwa mpangilio uleule ninaoufuata nikikaa na mtu mezani.

Nadharia ni fupi. Mvua ikinyesha bondeni, sehemu yake hurudi angani kwa jua na kwa majani ya mimea. Hiyo tuiite mvukizo. Sehemu nyingine hushuka na mto hadi baharini. Kinachobaki huingia kwenye akiba: unyevu wa udongo, maji ya chini ya ardhi, mabwawa na maziwa. Modeli huihesabu akiba hiyo kwa kujumlisha na kutoa, mwezi baada ya mwezi, na hapo ndipo pana hatari. Kosa la mvua la Januari halifutiki, hubebwa Februari, Machi na kuendelea, hadi modeli inasimulia bonde ambalo halipo. Setilaiti huja kuirudisha njiani. Nayo ina makosa yake, ila ni ya aina nyingine, kwa hiyo wawili hawa ukiwapima vizuri watakupa jibu bora kuliko yeyote akiwa peke yake.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta mpakato ya kawaida yenye QGIS (programu ya ramani, ni ya bure) na programu ya majedwali kama Excel au LibreOffice. Python, lugha ya kuandikia programu, itakusaidia baadaye, usiisubiri.
- Faili la mpaka wa bonde lako. Mpaka wa wilaya au mkoa haufai, maji hayafuati mipaka ya utawala.
- Akaunti ya bure ya NASA Earthdata, na ya Google Earth Engine kama kazi yako si ya biashara. Hizi ni tovuti za kupatia data za setilaiti.
- Vipimo vya ardhini, angalau vya miaka miwili: kipimamvua, kina cha mto, kina cha maji visimani. Kwa Pangani, barua ya maombi huenda Bodi ya Maji ya Bonde, Moshi. Wenzetu wa Bagamoyo, bonde lenu ni Wami/Ruvu na ofisi yake iko Morogoro. Andika barua mapema, wiki nzima kabla hujagusa kompyuta.
- Bando la kutosha. Kata eneo lako kwanza kwenye tovuti, ndipo upakue. Nimeona mtu akimaliza bando la mwezi kwa mafaili ya dunia nzima huku akihitaji kipande kutoka Moshi hadi Pangani.
- Daftari la karatasi. Kila faili unalopakua, andika toleo lake na tarehe.

Kwanza, zizoee milimita

Usiruke hapa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita 8 kwa 10, ikinyesha milimita 10, hutoa lita 800. Kila aliyewahi kukinga maji Ngamiani anaijua hesabu hii hata kama hajawahi kuiandika. Panda juu: milimita 1 juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Bonde la mto Pangani, pamoja na kipande chake kidogo kilichoko Kenya, lina takriban kilomita za mraba 43,000. Sentimita 1 ya maji juu ya bonde lote ni mita za ujazo milioni 430. Ukiona GRACE imeandika sentimita 5, usidhani ni kidogo.

Hatua ya 1: Chagua setilaiti kwa ukubwa wa bonde

Makosa mengi huanzia hapa. GRACE ni setilaiti mbili zilizokuwa zikifuatana angani kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Zikipita juu ya eneo lenye uzito zaidi, ya mbele huvutwa kwanza na nafasi kati yao hubadilika kidogo mno. Maji yana uzito, basi kutokana na mabadiliko hayo hukadiriwa maji yaliyoongezeka au kupungua. Zilirushwa Machi 2002 na kazi yake ikaisha 2017. Warithi wake, GRACE-FO, walirushwa Mei 2018. Hakuna chombo kingine cha angani kinachopima akiba yote kwa pamoja, ikiwemo ya chini ya ardhi. Lakini jicho lake ni pana, linaona vizuri maeneo yenye upana wa kilomita kama 300. Mabayani ni nukta tu kwake. Bonde zima la mto Sigi haliwezi kulitenga.

Kwa hiyo:

- Kwa Sigi na bwawa la Mabayani, tumia setilaiti za mvua, na picha za Sentinel-1 na Sentinel-2 kupima uso wa maji. GRACE iache.
- Kwa Pangani, GRACE inafaa kwa tahadhari, kwa sababu bonde ni dogo kuliko jicho lake. Wami na Ruvu vilevile.
- Kwa unyevu wa udongo wa juu, kuna setilaiti ya SMAP, iliyorushwa Januari 2015. Inagusa sentimita 5 hivi za juu tu. Mizizi ya mnazi haiishii hapo, basi usiichukue kama akiba yote.

Hatua ya 2: Jenga modeli ya ndoo mbili

Anza na modeli ndogo unayoielewa yote. Ndoo ya juu ni udongo, na ina ukomo. Tuseme milimita 150. Ndoo ya chini ni maji ya ardhini. Kila mwezi ongeza mvua kwenye ndoo ya juu, toa mvukizo, na kinachofurika kigawe: nusu iende mtoni moja kwa moja, nusu ishuke ndoo ya chini. Ndoo ya chini nayo huvuja mtoni, tuseme asilimia 10 kila mwezi.

Huu ni mwezi mmoja wa Mei, kwa namba za mazoezi. Udongo una 60, ndoo ya chini ina 80. Mvua 260, mvukizo 120. Udongo: 60 + 260 − 120 = 200. Ukomo ni 150, basi 50 zinafurika. 25 mtoni, 25 chini. Ndoo ya chini inakuwa 105, inavuja 10.5, inabaki 94.5. Akiba ilikuwa 140, sasa ni 244.5; imeongezeka 104.5. Hakiki kwa njia ya pili: 260 − 120 − 25 − 10.5 = 104.5. Zikikataa kulingana hata kwa nukta, simama hapo urekebishe kabla ya kwenda mbele. Kiangazi udongo ukikauka, punguza mvukizo kwa uwiano wa maji yaliyobaki. Mimea haiwezi kunywa kisichokuwepo.

Hatua ya 3: Ingiza mvua, kisha uitilie shaka

Kwa mvua anza na CHIRPS, mkusanyo wa makadirio ya mvua. Ina data tangu 1981, na kila kipande chake ni nyuzi 0.05, yaani kama kilomita 5 na nusu. Huchanganya picha za mawingu na vipimo vya ardhini.

Chukua vituo vyako vya kipimamvua, chora mvua ya kituo na mvua ya CHIRPS kwenye mchoro mmoja, mwezi kwa mwezi. Pwani kwa kawaida utaona zinakwenda sambamba. Tazama kwa makini Amani na miinuko ya Usambara Mashariki. Setilaiti hizi hukisia mvua kwa ubaridi wa vilele vya mawingu: wingu refu lina kilele cha baridi, basi linahesabiwa kuwa na mvua. Lakini upepo wa bahari unapopanda mlima, hutengeneza mawingu mafupi, yenye kilele cha joto, yanayonyesha siku nzima. Ukisimama Amani umelowa, setilaiti inaweza kuona wingu lisilo na kitu. Maji ya Sigi yanatoka kwenye mlima huohuo, hivyo kosa la hapo hushuka hadi Mabayani. Ukikuta mvua ya mlimani iko chini mwaka baada ya mwaka, izidishe kwa uwiano uliopata kwenye vituo, na andika daftarini kwamba umefanya hivyo.

Hatua ya 4: Linganisha akiba na akiba

Pakua GRACE iliyokwisha kuwekwa kwenye gridi, yaani miraba ya ramani, ya JPL (maabara ya NASA) au ya Chuo Kikuu cha Texas. Sasa jibu la namba hasi: GRACE haipimi jumla ya maji yaliyopo. Inapima tofauti na wastani wa miaka 2004 hadi 2009. Hasi 6 maana yake ni sentimita 6 chini ya wastani huo. Modeli yako inatoa jumla. Ukizichora pamoja zilivyo, unalinganisha urefu na umri.

Fanya hivi: chukua akiba ya modeli (udongo + ndoo ya chini), tafuta wastani wake wa Januari 2004 hadi Desemba 2009, na uutoe kwenye kila mwezi. Nilipoanza sikuitoa ipasavyo. Nilitumia wastani wa miaka yote niliyokuwa nayo. Mistari miwili ikapishana kwa umbali uleule mwanzo hadi mwisho, nami nikapoteza karibu mwezi nikitafuta kosa kwenye mvua.

Maonyo manne ya hatua hii:

Gridi ndogo isikudanganye. Faili la JPL lina miraba ya nusu nyuzi, lakini kipimo chenyewe kilifanywa kwenye vipande vya nyuzi 3. Miraba jirani hubeba habari ileile. Kuchukua mraba mmoja juu ya Korogwe ukasema "hii ndiyo Korogwe" ni kosa.

Jihadhari na pwani. Kipande cha Tanga kimekaa mguu mmoja Raskazone, mguu mwingine baharini, na uzito wa bahari huvuja kuingia nchi kavu. Chagua toleo lililosahihishwa kwa ajili ya pwani, na hata hivyo chukua wastani wa eneo pana la bara.

Modeli nayo ipanuliwe. Kama GRACE umeichukulia wastani wa eneo kubwa kuliko bonde, iendeshe modeli kwenye eneo hilohilo. Usilinganishe sufuria na kijiko.

Pengo si sifuri. Kati ya Julai 2017 na Mei 2018 hakuna kipimo, na tangu 2011 kuna miezi iliyokosekana hapa na pale kwa sababu ya betri. Acha wazi. Mwezi usio na kipimo, modeli iende peke yake.

Ukitaka kujua kama umepatia, tazama vuli ya 2019, ile iliyoleta mafuriko Handeni. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kawaida na Afrika Mashariki ikapata mvua nyingi. Mstari wa GRACE-FO unapaswa kupanda waziwazi hapo. Kama wako umelala, rudi kwenye mpangilio wa tarehe.

Hatua ya 5: Pima bwawa kwa picha

GRACE inajumuisha maji ya mabwawa, modeli ya ndoo mbili haiyajui. Kwa Pangani, bwawa kubwa ni Nyumba ya Mungu. Tumia Sentinel-2, yenye pikseli za mita 10, kuchora uso wa maji: linganisha mwanga wa kijani na wa infraredi, maji hung'ara kwenye kijani na kumeza infraredi. Masika mawingu yakitanda, hamia Sentinel-1, ambayo ni rada na hupenya mawingu. Kwa kupanda na kushuka kwa uso wa maji kuna setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022.

Ukiwa na maeneo mawili na tofauti ya kina, ujazo ulioongezeka ni: jumlisha eneo la kwanza, la pili, na kipeuo cha pili cha zao la maeneo hayo mawili, gawa kwa 3, zidisha kwa tofauti ya kina. Mfano wa mazoezi: kilomita za mraba 100 zikawa 120, kina kikapanda mita 1.5. Kipeuo cha pili cha 12,000 ni 109.5. Jumla 329.5, gawa kwa 3 ni 109.8, mara 1.5 ni mita za ujazo milioni 165 hivi.

Sasa igawe juu ya kilomita za mraba 43,000 za bonde: ni milimita 3.8 tu! Bwawa limepanda mita moja na nusu, kila mvuvi amefurahi, na kwa GRACE ni chini ya milimita 4, ndani ya kosa lake la kawaida. Kwa mtu wa Hale au wa Pangani mjini anayesubiri maji yashuke, hizo milioni 165 ni kila kitu. Kwa hiyo bwawa litoe kwenye GRACE, lakini lifuatilie peke yake kwa picha.

Hatua ya 6: Wape uzito

Tuseme mwezi huu modeli inasema akiba ni −40 mm, setilaiti inasema −10 mm. Usichukue wastani wa juu kwa juu. Tafuta kosa la kila mmoja.

Kosa la GRACE huja ndani ya faili la JPL, lisome, usilibuni. Kosa la modeli lipate hivi: iendeshe mara 20, kila mara ukiitikisa mvua kidogo kwa nasibu, kisha tazama majibu 20 yametawanyika kiasi gani. Tuseme modeli ina kosa la 30 na setilaiti 20.

Uzito wa setilaiti = 30² ÷ (30² + 20²) = 900 ÷ 1,300 = 0.69.
Pengo = −10 − (−40) = 30.
Sahihisho = 30 × 0.69 = karibu 20.8.
Akiba mpya = −40 + 20.8 = −19.2 mm.

Kosa jipya ni kama 16.6 (kipeuo cha pili cha 900 × 400 ÷ 1,300), dogo kuliko la modeli na dogo kuliko la setilaiti. Hapo ndipo faida ya kuwaunganisha inaonekana kwa macho.

Hatua ya 7: Gawa sahihisho, na liandike

Hizo 20.8 ziende ndoo gani? Rudi kwenye majibu yako 20. Kama ndoo ya chini ilitawanyika mara mbili ya udongo, ipe theluthi mbili: 13.9 chini, 6.9 kwenye udongo. Hii ni njia ya kukadiria, inatosha kuanzia. Udongo usivuke ukomo wake, na ndoo yoyote isishuke chini ya sifuri.

Fungua safu mpya kwenye jedwali, iite "sahihisho", na uandike kila mwezi kiasi ulichoongeza au kupunguza. Wengi hawaandiki, wanafurahia mstari uliosahihishwa na kusonga mbele. Mimi naiona safu hii kuwa mali kubwa kuliko mstari wenyewe. Masahihisho yakiwa mara juu mara chini bila mpangilio, modeli ni nzima na setilaiti inaifuta vumbi tu. Yakiwa ya kuongeza kila Novemba na Desemba, miaka yote, modeli inakwambia ina ugonjwa: ama mvua ya vuli ya mlimani imepunjwa, ama mvukizo umezidishwa. Nenda ukautibu ugonjwa huo katika hatua ya 2 au ya 3, kisha uendeshe upya. Modeli iliyotibiwa hivyo itaihitaji setilaiti kwa kiasi kidogo kuliko awali mwaka unaofuata, na itakusaidia hata kwenye bonde dogo kama la Sigi ambako GRACE haifiki, kwa sababu umejifunza tabia ya mvua ya mlima uleule.

Hatua ya 8: Hakiki kwa kitu ambacho hukukitumia

Mto na visima usivitumie kusahihisha. Viweke kando viwe waamuzi. Linganisha mtiririko wa modeli na kipimo cha mto, kabla na baada ya kusahihisha. Kisimani, geuza mita kuwa milimita za maji: maji yakishuka mita 1 kwenye ardhi ambayo asilimia 5 yake hutoa maji, akiba imeshuka milimita 50. Kisima kinachopigwa pampu kutwa usikitumie, kinapima pampu.

Ikikwama

*Mistari inafanana lakini wa setilaiti umechelewa mwezi.* Tazama kwanza tarehe za faili. Mwezi wa GRACE hauanzi tarehe 1 kila mara. Kama tarehe ni sawa, ndoo ya chini inavuja haraka mno. Punguza asilimia 10 iwe 5, ujaribu tena.

*Setilaiti inapanda na kushuka sana, modeli imetulia.* Ukomo wa udongo ni mdogo. Jaribu 200 au 250.

*Baada ya kusahihisha, mto wa modeli umekuwa mbaya zaidi.* Umeiamini setilaiti kupita kiasi, au umemwaga sahihisho lote kwenye udongo uliojaa likafurika mtoni. Pitia mgawanyo wa hatua ya 7.

*Majibu 20 yote yanafanana.* Umeitikisa mvua kidogo mno. Modeli itajiona haina kosa na itaikataa setilaiti kila mwezi.

*Uso wa bwawa umeongezeka katikati ya kiangazi.* Angalia picha yenyewe kwa macho: kivuli cha wingu huonekana kama maji. Kinyume chake, magugu maji yakifunika bwawa, programu huona nchi kavu.

*Ujazo wa bwawa kwa picha haukubaliani na jedwali la zamani la bwawa.* Tope. Jedwali lilipimwa bwawa likiwa jipya na sakafu imepanda tangu hapo. Ulizia kama kuna upimaji wa karibuni wa sakafu. Usipokuwepo, tumia picha kwa mabadiliko tu, si kwa jumla.

*Nina kompyuta dhaifu na siwezi kuendesha mara 20.* Chukua GLDAS toleo la 2.2. Ni modeli ambayo tayari imesahihishwa kwa GRACE, kila siku tangu Februari 2003, kwa gridi ya robo nyuzi. Ilinganishe na ndoo zako mbili. Ila usiisahihishe tena kwa GRACE, utakuwa umemhesabu shahidi mmoja mara mbili.